Mkanda wa Jeshi wa Bibi Yangu

Wikiendi ile nilikwenda Makutupora kwa sababu moja tu: bumu lilikuwa halijaingia. Mwanafunzi mwenzangu, unanielewa. Mfukoni zimebaki elfu nne, na mama wa kibandani ameshachoka kusikia "nitalipa kesho." Wenye kwao mbali wanavumilia. Mimi Mungu kanijalia bibi mzaa mama anayeishi Makutupora, kaskazini mwa jiji letu, barabara ya Kondoa. Nasema Makutupora hii ya Dodoma, yenye mashamba ya zabibu, visima vinavyolinywesha jiji na kambi ya JKT. Siyo ile ya Manyoni inayotajwa kwenye habari za SGR.

Kwa kawaida nikifika, Bibi ananisikia kabla hajaniona. Nitamsalimia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi," naye atacheka kile Kigogo, kisha ataniita "mume wangu" na kunikumbatia hadi mbavu zilie. Jumamosi ile hakunikumbatia. Alinipa mkono, akarudi kukaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto ameuinua kidogo kama mtu aliyebeba kitu kwapani.

Nikauliza, "Bibi, vipi?"

"Mdudu kanikojolea shambani. Kitapoa."

Jioni alipoinama kuepua chungu cha mlenda, khanga ikateleza. Nikaona. Malengelenge madogo madogo, yamejaa maji, yamepangana kama mtu aliyepiga mstari kwa brashi, kutoka chini ya titi la kushoto kuzunguka mbavu hadi karibu na uti wa mgongo. Juu yake alikuwa amepaka majani yaliyopondwa. Mama mdogo, anayeishi naye, aliona kwamba nimeona. Akanivuta nje akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maumivu yalianza Jumatano, Bibi akidhani ni kichomi, na vipele vikatoka Ijumaa asubuhi.

Kisha akaongeza, "Ni mkanda wa jeshi. Usimwambie mtu."

Sikumuuliza kwa nini nisimwambie mtu. Nilijua. Hapa kwetu, ukisema mtu ana mkanda wa jeshi, anayekusikia anamalizia mwenyewe kichwani: kumbe anao. Na nitasema ukweli kwa sababu makala hii haina maana bila huo ukweli: na mimi nilimalizia hivyo hivyo. Bibi yangu wa miaka 71, mjane wa miaka mingi, nilikaa kwenye mkeka nikala ugali wake huku nikipiga hesabu za aibu kichwani. Jumapili jioni nikarudi chuo na furushi la unga. Sikusema kitu. Jumatatu kimya. Jumanne kimya.

Jumatano usiku ndipo nilipomwambia rafiki yangu wa chumba, anayesoma udaktari. Na hata hapo sikusema "Bibi". Nilisema "kuna mama mmoja kijijini." Yeye hakuuliza habari za mume wala za tabia. Aliuliza swali moja: "Vipele vimetoka lini?"

"Ijumaa."

Akashusha pumzi. "Ungeniambia Jumapili."

Usiku ule nilipata somo la saa nzima, na nimekuwa nikilirudia kwa kila anayekaa karibu nami tangu siku hiyo. Naliandika hapa kwa maneno yangu.

Mkanda wa jeshi hauingii mwilini siku unapoonekana. Unakuwamo tayari. Kirusi chake ni kile kile cha tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni, vipele vinakauka, unarudi shule, kila mtu anasahau. Kirusi hakiondoki. Kinajificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, au vile vya kichwani, na kinaweza kulala humo miaka hamsini au sitini bila kukusumbua. Kinachokilinda kisiamke ni kinga ya mwili. Kinga ikilegea, kinaamka, kinasafiri kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana vipele vinakaa upande mmoja wa mwili na kufuata mstari, na ndiyo maana maumivu hutangulia siku kadhaa kabla ya kipele cha kwanza. Mitaani husemwa kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, mgonjwa anakufa. Si kweli. Kwa kawaida haukutani kwa sababu mshipa wenyewe unaishia katikati ya mwili.

Sasa, nini kinalegeza kinga? VVU ni kimojawapo. Saratani na matibabu yake pia, na baadhi ya dawa zinazopunguza kinga. Lakini sababu kubwa kuliko zote, ile isiyomwacha mtu, ni umri.

Mimi nasoma takwimu, kwa hiyo hapa ndipo nilipokaa vizuri. Kulikuwa na daktari wa kawaida wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyetibu watu katika mji mdogo wa Cirencester. Kwa miaka 16 aliandika kila mgonjwa wa mkanda aliyeingia kwake, na mwaka 1965 akachapisha hesabu zake. Kwa watoto wa chini ya miaka 10, aliona mgonjwa asiyefika hata mmoja kwa watu elfu kwa mwaka. Kwa waliovuka miaka 80, takriban kumi kwa elfu. Wazee wa Cirencester wa miaka ile hawakuwa na VVU, kwa sababu UKIMWI ulitambuliwa mwaka 1981. Walikuwa na uzee tu. Kwa takwimu za Marekani za siku hizi, karibu mtu mmoja kati ya watatu atapata mkanda katika maisha yake.

Basi ile fikra yetu imetoka wapi? Haikutoka hewani, na wazazi wetu hawakuwa wajinga. Miaka ya themanini, vipimo vya VVU vikiwa adimu Afrika, Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu Bangui mwaka 1985 ili wapate namna ya kutambua UKIMWI kwa macho na mikono. Miongoni mwa dalili ndogo walizoorodhesha ulikuwamo mkanda wa jeshi unaojirudia. Na kweli, kijana wa miaka 25 akitokewa na mkanda, daktari hata leo atashauri apime, na atakuwa sahihi. Kizazi cha wazazi wetu kiliona vijana wakivaa mkanda, kisha kikawazika. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo, mkanda kwa wengi ulikuwa kama barua ya msiba. Kosa letu sisi ni kuichukua alama ya kijana na kumbandika bibi wa miaka 71, kisha kunyamaza.

Na kunyamaza kuna bei. Kuna dawa ya kupambana na kirusi hiki, asikloviri, ya vidonge, si dawa ya ajabu. Lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Siku tatu. Vipele vya Bibi vilitoka Ijumaa asubuhi. Mimi niliviona Jumamosi. Siku ya tatu ilikwisha Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye kipindi cha saa mbili, nimekaa nyuma, nimenyamaza.

Alhamisi nilikopa nauli nikaenda kumchukua. Kituo cha kwanza tulichofika sitakitaja. Mhudumu wa mapokezi alitazama ule mstari akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima, "Huyu apimwe kwanza." Bibi akainuka kutaka kuondoka. Nilimshika mkono tukaenda kwingine, tukaonana na daktari kijana aliyefunga mlango kwanza ndipo akamwambia, "Bibi, shikamoo. Pole sana. Huu ugonjwa unatokana na tetekuwanga uliyougua utotoni. Tutapima na VVU pia, kama tunavyopima sukari na presha, ili tujue namna ya kukusaidia." Sentensi zilezile zingeweza kusemwa na yule wa kwanza. Hazina gharama.

Majibu yalitoka: hana. Mama mdogo alilia. Bibi hakulia. Aliniangalia mimi, akasema, "Na wewe ulidhani." Haikuwa swali.

Daktari alimpa asikloviri, kwa sababu malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka, lakini hakutuficha kwamba tumechelewa. Alituambia pia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba maji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo yafunikwe, na asimbebe mtoto mchanga wala kukaa karibu na mjamzito ambaye hajaugua tetekuwanga mpaka yakauke. Kwamba mkanda ukitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, hiyo ni dharura, kwani mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye umri mkubwa, ngozi inapona lakini mshipa haupoi.

Bibi akawa miongoni mwa hao. Vipele vilikauka baada ya wiki chache, vikaacha makovu mepesi. Maumivu yakabaki. Madaktari wakiona yamepita miezi mitatu huyahesabu kuwa ugonjwa wa peke yake, maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda. Panado haiyafikii. Alipewa amitriptilini, dawa ya sonona ambayo kwa kiasi kidogo hutuliza neva. Inamsaidia kiasi, asubuhi inamwachia kizunguzungu.

Mimi nilidhani maumivu ni maumivu. Sikujua kuna maumivu ambayo khanga ikigusa ngozi mtu anaruka. Bibi alikuwa akilala amekaa, ameegemea ukuta upande wa kulia. Msimu wa zabibu uliofuata hakwenda kuvuna. Mwanamke aliyekuwa akitupita sisi wajukuu wote kwa kasi ya kukata vichala, alikaa mlangoni anawatazama watu wakipita na ndoo. Siku moja alinitania, "Mume wangu, nimeishi jirani na kambi ya JKT miaka yote hii hawajaniita. Sasa uzeeni wamenivalisha mkanda." Tukacheka. Alipocheka akashika ubavu.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye, maktaba: ugonjwa huu una chanjo.

Ya kwanza, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Ilitengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo haikuwafaa watu wenye kinga dhaifu sana, na nguvu yake ilipungua kadiri mtu alivyozeeka. Ya pili, Shingrix, iliidhinishwa mwaka 2017. Haina kirusi hai ndani yake. Ina kipande kimoja tu cha protini ya kirusi, pamoja na kiamsha kinga. Hutolewa dozi mbili, kwa kawaida zikitenganishwa na miezi miwili hadi sita, kwa watu wa miaka 50 na kuendelea. Jaribio lake kubwa, lililochapishwa mwaka 2015, lilifuatilia watu kwa wastani wa miaka mitatu na kidogo. Katika waliochanjwa, zaidi ya 7,300, waliopata mkanda walikuwa 6. Katika waliopewa sindano isiyo na chanjo, zaidi ya 7,400, waliopata walikuwa 210. Mwalimu wetu wa takwimu husema hesabu nzuri haihitaji maelezo. Sita kwa mia mbili na kumi. Hata kwa waliovuka miaka 70, jaribio jingine lilionyesha kinga ya karibu asilimia 90. Madhara yapo, tusidanganyane: mkono kuuma, homa, uchovu, kwa siku mbili tatu hivi. Bibi angebadilishana kwa furaha.

Jaribio lile la 2015 lilifanyika katika nchi 18. Hakuna hata moja ya Afrika. Lakini sikiliza hili. Kile kiamsha kinga kilichomo ndani ya Shingrix, kinachoitwa AS01, ni cha familia moja na kile kilichomo kwenye chanjo ya malaria ya RTS,S. Na RTS,S, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwaka 2021, ilijaribiwa kwa watoto katika nchi saba za Afrika, na vituo viwili kati ya kumi na kimoja vya jaribio kubwa vilikuwa hapa kwetu, Bagamoyo na Korogwe. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba teknolojia hii ni ya Wazungu na haituhusu. Wadogo zetu wa Korogwe waliinua mikono yao kwa ajili yake. Wazee wetu bado hawajanufaika nayo.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni pesa, na siwezi kuificha. Marekani dozi moja inauzwa zaidi ya dola 150. Kwa dozi mbili ni zaidi ya shilingi laki saba. Ukigawa kwa elfu kumi ya bumu kwa siku, ni zaidi ya siku sabini za kula na kulala. Mimi sina. Uingereza, wazee wanachanjwa bure tangu mwaka 2013, kwa sababu serikali ndiyo inayolipa. Ratiba yetu ya taifa ya chanjo imejengwa kuwazunguka watoto: kifua kikuu, polio, surua, na tangu 2018 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana. Ni ratiba ya kujivunia. Chanjo ya mkanda haimo.

Sababu ya pili hatuisemi kwa sauti: tunadhani mzee kuumwa ni kawaida. "Ni uzee tu." Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Mtu wa miaka 60 ana mashamba, ana wajukuu anaowalisha, ana mwanafunzi wa chuo anayekimbilia kwake bumu likichelewa. Akilala amekaa kwa mwaka mzima kwa sababu ya neva, si yeye peke yake aliyeumwa.

Sisemi serikali inunue kesho asubuhi. Kuna chanjo ya malaria, kuna magonjwa yanayoua watoto, na mfuko ni mmoja. Ninachosema ni kwamba kitu kisichoulizwa hakipangiwi bajeti. Wenzangu wa udaktari na uuguzi, hesabuni wagonjwa wa mkanda wodini kama Hope-Simpson alivyohesabu wake. Alikuwa na kalamu tu. Wa uchumi, pigeni hesabu ya msimu wa zabibu uliopotea. Wa sheria na sera, ulizeni: bima ya afya kwa wote itakapotimia, kinga ya mzee itakaa kwenye kifungu gani? Na mwenye mzazi wa miaka hamsini na uwezo mfukoni, amuulize daktari kuhusu chanjo hii leo. Hata aliyekwisha kuugua mkanda hushauriwa kuchanjwa akishapona, maana unaweza kurudi.

Lakini kuna kitu ambacho hakina bei. Ukiona mstari wa vipele upande mmoja wa mwili wa mzee wako, hesabu saa 72. Mpeleke siku hiyo hiyo. Akipimwa VVU, mwambie ni kipimo kama kipimo kingine. Na kikionyesha anavyo, dawa zipo na ni bure, na yeye bado ni bibi yako. Usifanye kama mimi, usikae nyuma darasani umenyamaza.

Mwaka wa kwanza pale hosteli tetekuwanga ilipita chumba hadi chumba, nami nikaugua, nikapakwa kalamini mpaka nikafanana na mzimu. Wote tuliougua tunacho kirusi kile, kimelala. Mkanda wangu uko ndani yangu tayari, unasubiri nizeeke.

Mwezi uliopita nilikwenda Makutupora, safari hii bumu likiwa limeingia, nikiwa na kilo mbili za sukari. Maumivu ya Bibi yamepungua. Anaweza kulala ubavu, ila wa kulia. Nilimweleza kuhusu chanjo, Bagamoyo, Korogwe, zile sita na mia mbili na kumi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Watoto wana kliniki yao, wana na kadi. Sisi wazee kliniki yetu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake hapa.